Usingizi wa Usiku na Afya ya Ubongo wa Wazee Wetu

Haya ni maandishi ya hotuba ya afisa wa afya kwa walezi wa wazee, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vijiji, kuelekea Siku ya Alzheimer Duniani inayoadhimishwa kila tarehe 21 Septemba. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wa Kaunti ya Kilifi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

 

Mada niliyopewa leo ni usingizi. Pengine mtu atauliza, usingizi nao unahitaji kufundishwa? Si kila mtu hulala? Ni kweli, kila mtu hulala. Lakini leo tutautazama kwa sababu moja maalum, nayo ni uhusiano wake na ubongo, hasa ubongo wa mzee aliyeanza kusahau. Nitajaribu kujibu maswali matatu. Kwanza, usingizi unafanya kazi gani katika ubongo? Pili, kwa nini mgonjwa wa kusahau husumbuka zaidi jua linapotua? Tatu, sisi tunaoishi naye tufanye nini ili apumzike, nasi tupumzike, na yeye awe salama?

Neno hilo "salama" nimelitumia kwa makusudi. Katika kaunti yetu, mzee aliyechanganyikiwa akitoka nje usiku anaweza kupoteza maisha yake. Nitafika hapo.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Tuanze na ugonjwa. Dimenshia ni jina la jumla la hali ambayo ubongo unaharibika polepole, mtu anapoteza kumbukumbu, anashindwa kufikiri sawasawa, tabia yake inabadilika, na mwishowe hawezi kujihudumia. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaosababisha sehemu kubwa ya hali hiyo, kati ya asilimia 60 na 70. Visababishi vingine ni kama kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, jambo ambalo hutokea sana kwa wenye shinikizo la damu na kiharusi.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia mwaka wa 2021, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Kwa hivyo huu si ugonjwa wa Wazungu. Uko hapa Ganze, uko Magarini, uko Kaloleni na Rabai. Tofauti ni kwamba hapa kwetu mara nyingi haupewi jina lake. Husemwa kwamba ni uzee tu, au amerogwa, au yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Ni kawaida mzee kusahau alipoweka bakora yake, halafu akaikumbuka baadaye. Si kawaida mzee kusahau bakora ni ya kufanyia nini, kupotea njia ya kisimani aliyoipita miaka hamsini, au kumuuliza mwanawe wa kumzaa, "Wewe ni nani?" Ukiona hivyo, huo ni ugonjwa.

Ubongo unafanya nini tukilala?

Watu wengi hudhani kwamba mtu akilala, ubongo nao umezimika kama taa. Sivyo. Usiku ubongo una kazi nyingi. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja ukichukua takriban dakika 90. Ndani ya mzunguko huo kuna usingizi mwepesi, kuna usingizi mzito ambao hata ukiitwa huitiki upesi, na kuna ule wa ndoto. Katika usingizi mzito na ule wa ndoto ndipo ubongo unapopanga yale uliyojifunza mchana na kuyahifadhi. Mwanafunzi aliyekesha usiku kucha akisoma huingia kwenye mtihani akiwa na mengi kichwani ambayo hayajapata pa kukaa.

Kuna kazi nyingine, nayo ni ya usafi. Ubongo unapofanya kazi mchana hutoa taka, kama vile jiko la kuni linavyotoa majivu. Mojawapo ya taka hizo ni protini iitwayo beta-amiloidi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini hii hujikusanya na kuganda kati ya seli za ubongo. Mkusanyiko huo huanza mapema sana, miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajaanza kusahau. Maana yake ni kwamba mzee anayeanza kusahau akiwa na miaka 70, huenda ugonjwa ulianza alipokuwa na miaka 50, akilima shamba lake na akipanda minazi bila shida yoyote.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, wakiongozwa na Maiken Nedergaard, walichunguza ubongo wa panya waliolala na walio macho. Waligundua kwamba panya anapolala, nafasi iliyo kati ya seli za ubongo hupanuka kwa takriban asilimia 60, na majimaji hupita humo na kuondoa beta-amiloidi kwa kasi zaidi. Ni kama soko la Kongowea linavyofagiliwa wauzaji wakishaondoka, kwa sababu mchana hakuna pa kupitisha fagio.

Niwaambie ukweli wote: jambo hili bado linajadiliwa. Mwaka wa 2024 watafiti wengine huko London walipata matokeo yanayopingana na hayo katika panya. Wanasayansi hawajakubaliana kuhusu jinsi usafi huo unavyofanyika. Lakini kuhusu binadamu kuna jambo moja tunaloweza kulitaja. Mwaka wa 2018, watafiti wa Marekani waliwapima watu 20 wenye afya njema baada ya kulala vizuri, kisha wakawapima tena baada ya kukesha usiku mmoja. Baada ya kukesha, kiwango cha beta-amiloidi kilikuwa kimeongezeka katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Huo ni usiku mmoja tu.

Je, kulala vibaya huleta dimenshia?

Hili ndilo swali ambalo najua mnalo. Jibu lake ni kwamba uhusiano upo, lakini hatuwezi kusema moja kwa moja kwamba asiyelala vizuri lazima atapata ugonjwa.

Nchini Uingereza, karibu watu 8,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka 25. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa serikali jijini London. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2021. Wale waliokuwa wakilala saa sita au chini ya hapo kila usiku, tangu walipokuwa na miaka 50 hadi 70, walikuwa na hatari ya kupata dimenshia iliyozidi kwa asilimia 30 ile ya waliolala saa saba. Asilimia 30 ni kubwa, lakini tuielewe vizuri. Haimaanishi kwamba watatu katika kila kumi wataugua. Maana yake ni kwamba, kama katika kundi moja wangeugua watu kumi, katika kundi la wanaolala kidogo lenye idadi hiyo hiyo wangeugua kama kumi na watatu.

Vilevile, mwaka wa 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo tukiyashughulikia tunaweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, pombe kupita kiasi, kupoteza uwezo wa kusikia au wa kuona, kuumia kichwa, upweke na kukosa elimu utotoni. Usingizi haukuwekwa katika orodha hiyo, kwa sababu ushahidi wake haujafikia kiwango kile. Kwa hivyo asije mtu kesho akawauzia dawa ya usingizi akisema inazuia Alzheimer. Mjue anawadanganya.

Lakini tazameni orodha hiyo tena. Asiyelala vizuri, shinikizo lake la damu hupanda, sukari yake huvurugika, na huzuni humwingia kwa urahisi. Usingizi mbaya hushikana na mengine, kama mnyororo. Ukikaza pete moja, zote zinavutika.

Ugonjwa nao huharibu usingizi

Sasa tugeuze upande wa pili. Ndani ya ubongo kuna saa ya mwili. Saa hiyo hutuambia sasa ni usiku tulale, sasa kumekucha tuamke, nayo husomwa kwa mwanga wa jua unaoingia machoni. Katika dimenshia, seli za saa hiyo nazo huharibika. Mgonjwa husinzia mchana kutwa kitini, kisha saa nane za usiku anaamka, anavaa, anatafuta jembe akidhani kumekucha aende shambani.

Kuna pia kile ambacho walezi wengi mmekiona bila kujua kwamba kina maelezo: jua likianza kutua, mzee aliyekuwa mtulivu tangu asubuhi anaanza kuhangaika. Anasema, "Nataka kwenda kwetu," naye yuko kwao. Anamshuku mkaza mwana kwamba amemwibia pesa. Anapiga kelele akiona vivuli ukutani. Uchovu wa siku nzima, giza linaloingia na saa ya mwili iliyovurugika, vyote hukutana wakati huo. Si jeuri na si laana.

Hivyo basi ugonjwa unaharibu usingizi, na usingizi ulioharibika unazidisha ugonjwa. Ni mduara. Habari njema ni kwamba mduara unaweza kukatwa mahali popote, na upande wa usingizi ndio ulio karibu zaidi na mikono yetu, kwa sababu dawa ya kuponya dimenshia bado haijapatikana.

Mzee anayetembea usiku si mchawi

Ndugu zangu, nimefika mahali nilipowaahidi.

Sote tunajua kwamba katika kaunti hii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Tunajua kuna wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi kwa sababu wanaogopa mvi zao wenyewe. Tunajua kwamba huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma ambacho kimewapa hifadhi wazee waliokimbia nyumba zao. Mara nyingine nyuma ya shutuma hizo kuna ugomvi wa shamba. Lakini hebu tufikirie pamoja jinsi dimenshia inavyoonekana kwa mtu asiyeijua.

Mzee anaonekana nje usiku wa manane, pengine bila nguo. Amesimama katika boma la jirani. Akiulizwa anafanya nini, hajui la kusema, au anasema maneno yasiyoeleweka. Anazungumza peke yake. Anamtaja mtu aliyekufa zamani kana kwamba yuko hapo. Asubuhi akiulizwa, anakana kabisa kwamba alitoka, na anakana kwa dhati kwa sababu hakumbuki. Wiki inayofuata mtoto katika boma lile anashikwa na malaria.

Mimi kama mtu wa afya nikiambiwa habari hiyo, naona saa ya mwili iliyoharibika, naona mtu aliyepotea akitafuta choo. Jirani anaona ushahidi. Huyo ni mama au baba yetu aliye mgonjwa, tena katika saa ambayo hawezi kabisa kujitetea.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na taadhima, bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Familia yenye mgonjwa, msimfiche. Mwendeeni mzee wa kijiji, mwendeeni mhudumu wa afya ya jamii, waelezeni majirani mapema: "Mama yetu ana ugonjwa wa kusahau. Mkimwona usiku, msimpigie kelele. Mshikeni mkono, mtupigie simu." Jirani aliyeambiwa mapema huwa mlinzi. Asiyeambiwa ndiye anayeogopa. Na ninyi vijana, mkisikia njama za kumdhuru mzee, ripotini kwa chifu au kituo cha polisi usiku huo huo. Kesho huenda ikawa mmechelewa.

Ya kufanya nyumbani

Haya ni mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi.

Mpeni mzee jua la asubuhi. Akishaamka, akae nje uani au atembee kidogo kwa angalau nusu saa. Mwanga huo ndio unaoiweka sawa saa ya mwili. Mzee anayefungiwa ndani ya nyumba yenye giza mchana kutwa hawezi kujua usiku umeanza lini.

Mpeni kazi. Achague mchele, apukuchue mahindi, asuke makuti au aangalie kuku. Mwili uliochoka vizuri hulala vizuri. Akisinzia mchana, alale kidogo, isizidi nusu saa, na isiwe baada ya saa tisa alasiri.

Kuleni chakula cha usiku mapema, na alale na kuamka saa zile zile kila siku. Chai ya rangi na kahawa zikomee adhuhuri. Wapo wanaoamini kwamba kikombe cha mnazi jioni huleta usingizi. Pombe humlaza mtu haraka, hilo ni kweli, lakini huukatakata usingizi wenyewe usiku wa manane na humwongezea mgonjwa kuchanganyikiwa. Muguka na miraa zimetengenezwa na maumbile kumweka mtu macho, nazo hazina nafasi kwa mgonjwa huyu, wala kwa mlezi wake.

Jua likikaribia kutua, punguzeni kelele. Washeni taa kabla giza halijaingia ili vivuli visimtishe. Akisema anataka kwenda kwao, usibishane naye. Mwambie, "Sawa mama, tutakwenda, njoo kwanza tunywe uji." Sauti ya upole itamtuliza kuliko hoja.

Chunguzeni pia kama kuna kinachomwamsha. Je, ni maumivu ya magoti? Ni kunguni? Chandarua kimetoboka? Anaamka kukojoa mara nne? Kama anatumia dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo, muulizeni daktari kama anaweza kuzimeza asubuhi. Msibadilishe wenyewe.

Kwa usalama, wekeni taa ndogo ya sola kwenye njia ya chooni. Panga, shoka, dawa za mifugo na viberiti viwekwe mbali. Kisima kifunikwe. Fungeni njuga au kopo lenye mawe mlangoni ili likilia muamke. Lakini kumfunga mzee kwa kamba au kumfungia peke yake kwa kufuli, hapana. Kamba huumiza, humzidishia hofu, na nyumba ikishika moto hana pa kutokea.

Na kwa ujirani wote: matanga yetu ni ya heshima, lakini muziki wa disko matanga hadi alfajiri humnyima usingizi mgonjwa, mtoto wa shule na mama mja mzito kwa pamoja.

Tahadhari kuhusu dawa

Najua mlezi aliyekesha wiki nzima hutamani kitu chochote cha kumlaza mzee. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua Piriton, kwa kuwa inajulikana huleta usingizi. Tafadhali msifanye hivyo. Piriton, na dawa nyingine za mafua na mzio zinazosinziza, huzuia kemikali ambayo ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer tayari unaikosa. Mzee atalala, lakini ataamka amechanganyikiwa zaidi, atashindwa kukojoa au atapata choo kigumu. Dawa kama Valium nazo humfanya mzee kupepesuka na kuanguka. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi ndio mwanzo wa kitanda. Dawa yoyote ya usingizi kwa mzee itolewe na daktari, kwa muda mfupi, na baada ya njia nilizotaja kujaribiwa.

Wakati wa kwenda hospitali

Kuna dalili nne za kuzingatia.

Ya kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo hajui yuko wapi, huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka au kiharusi. Hiyo ni dharura, na nyingi ya hali hizo hutibika. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Ya pili ni kukoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika. Mtu anakoroma, ananyamaza kwa sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka akitweta. Kila pumzi ikikatika, ubongo unakosa hewa ya oksijeni. Mtu huyu huamka na kichwa kizito na husinzia hata akiwa kwenye matatu. Kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala kwa ubavu husaidia, lakini amwone daktari.

Ya tatu ni mtu anayepiga ngumi, mateke na mayowe akiwa katika ndoto. Wengi husema ana mapepo. Hali hii inaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson au aina fulani ya dimenshia, miaka mingi kabla dalili nyingine hazijaonekana.

Ya nne ni huzuni ya muda mrefu. Mzee aliyefiwa, asiyelala, asiyekula na anayesahau, huenda ana sonona, nayo ina matibabu.

Anzeni na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu mwaka wa 2023 wahudumu hawa wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari, na hufika nyumbani. Kisha nendeni zahanati au kituo cha afya, mkaelekezwe hospitalini panapohitajika. Hakikisheni mzee amesajiliwa na SHA, kwa sababu usajili ni bure.

Mlezi naye ni mtu

Sijasahau wale wanaobeba mzigo huu. Mara nyingi ni mwanamke mmoja, binti au mkaza mwana, ambaye mchana analima, anachota maji na kupika, na usiku anakesha. Yeye naye ana ubongo. Yeye naye ana miaka 45 au 50, umri ule ule ambao utafiti wa London unatuambia usingizi una maana. Tukimwacha akeshe peke yake miaka kumi, tunaandaa mgonjwa wa pili katika boma hilo hilo.

Wanaume, ndugu wa mgonjwa, tugawane usiku. Mmoja akeshe Jumatatu na Jumanne, mwingine Jumatano na Alhamisi. Aliye Mombasa au Nairobi asitume pesa ya dawa tu, atume pia ya kumlipa mtu wa kusaidia, au aje likizo achukue zamu zake. Na mlezi akichoka hadi akamkaripia mgonjwa, msimhukumu. Mpeni usiku mmoja wa kulala, kesho atakuwa mtu mwingine.

Na sisi ambao bado tunakumbuka

Namalizia na sisi tulio na miaka 40, 50 na 60. Mtu mzima anahitaji saa saba hadi tisa za usingizi, na aliyevuka miaka 65 saa saba hadi nane. Si kweli kwamba mzee hahitaji kulala. Usingizi wake huwa mwepesi, lakini mahitaji yake yako pale pale.

Najua si kila mtu anaamua saa zake. Kuna mlinzi wa usiku, kuna mfanyakazi wa hoteli Watamu, kuna mvuvi anayefuata maji, kuna mama anayeamka saa tisa usiku kwenda sokoni. Siwezi kuwaambia muache kazi. Ninachowaomba ni kwamba mkirudi, saa zenu za kulala ziheshimiwe: chumba kiwe na giza, watoto wafundishwe kunyamaza, simu iwekwe mbali. Na sisi ambao tunakesha kwa sababu ya simu na mpira tu, hatuna kisingizio. Pimeni shinikizo la damu, tembeeni, acheni sigara, kaeni na watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ubongo hauna fundi.

Mzee wako akiwa mgonjwa wa kusahau, atasahau jina lako, atasahau hata kwamba ulikesha naye. Hilo lisikuvunje moyo. Usiku ule aliolala kwa utulivu, bila hofu na bila kupotea gizani, ulikuwa na faida kwa ubongo wake na kwa maisha yake, hata kama hakumbuki aliyemfunika shuka. Leo jioni, kabla hamjalala, kila mmoja wenu aende kwa jirani mmoja mwenye mzee nyumbani amuulize swali moja tu: "Mzee analalaje siku hizi?" Tukianza hapo, tutakuwa tumeanza pazuri.